Punda Wanene wa Mkurugenzi

Mkurugenzi alitaka punda wanene. Aliyasema hayo kabla sijakaa vizuri kochini, huku akivitazama vidole vyangu vyenye madoa ya rangi, akihofia kochi lake. Punda wanene, majani mabichi, anga la buluu, kwenye ukuta wote wa nje wa kiwanda chake, na ikiwezekana wawe wanatabasamu.

"Punda hatabasamu, bosi," nikasema.

"Wewe ni daktari wa mifugo au mchoraji? Chora."

Kaka yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alinikata jicho. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ile, na kuipata kwake hakukuwa rahisi, kwa sababu jina langu lilikuwa limeshachafuka. Mwaka uliotangulia nilichora kwenye ukuta wa soko wajawazito waliolala sakafuni wakisubiri zamu zahanati, na kando yao diwani akikata utepe wa bustani ya maua. Sikuandika jina la diwani, ila kitambi chake kinajulikana mji mzima. Picha ilipakwa chokaa kabla haijakauka sawasawa, na mimi nikalala rumande. Kaka ndiye aliyekuja kunitoa.

Sasa alikuwa amenidhamini kwa Mkurugenzi kwa mdomo wake mwenyewe. Tulipotoka ofisini alinishika kiwiko.

"Safari hii hakuna siasa, mdogo wangu. Punda, majani, anga. Ukimaliza unaondoka."

"Nimekusikia."

"Umenisikia au umenielewa?"

"Kaka, ni punda. Punda wana siasa gani?"

Na wakati ule nilisema kweli tupu. Nilitaka kazi. Ukuta ule ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kupewa, unatazama barabara kuu, na kila anayeingia mjini lazima aupite. Nyuma yake kulikuwa na kiwanda cha kuchinja punda. Ngozi ziliuzwa nje ya nchi. Nyama ilikokwenda hatukuulizana. Kwa muda kiwanda kilikuwa kimesimama, mtambo wa baridi ukitengenezwa, na siku ya Ijumaa wangekuja wageni kukizindua upya: wanunuzi wa ngozi, afisa mifugo, waandishi wa habari. Hotuba zikiisha, kuchinja kunaanza. Ukuta ulitakiwa uwe tayari kabla yao.

Kaka alikuwa msimamizi wa zizi. Kabla ya hapo alifanya kazi chumba cha ngozi, kupaka chumvi mikono mitupu maana glavu zilikuwa za kuonyesha wakaguzi tu, na vidole vyake vilipasuka vikakataa kupona. Ndipo akahamishiwa zizini, akapewa ufunguo wa lango na nyumba ya kiwanda, vyumba viwili na jiko, ambamo aliishi na wifi yangu na watoto. Akimwaga unga, na nyumba inakwenda. Hilo nililijua vizuri, wala sina kisingizio cha kutojua.

Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyesema niingie zizini nikawatazame punda. "Usije ukanichorea mbuzi," alisema, akacheka peke yake.

Nilizoea kuwaona punda barabarani, wakivuta maji, mkaa, matofali, wakipigwa, wakisimama katikati ya njia wakikataa kupigwa zaidi. Zizini nilikutana na kitu kingine. Walikuwa wamebanana kiasi kwamba aliyechoka hakuweza kulala. Birika la maji lilikuwa na ukungu mkavu chini. Wengine walikuwa na vidonda vya kamba miguuni, vibichi, nzi wakifanya wanavyotaka. Mmoja alikuwa ameuweka mdomo wake juu ya mgongo wa mwenzake na kuuacha hapo. Nilisimama na karatasi yangu, nikaona aibu, na sikujua namwonea nani aibu.

"Hawapewi maji?" nikauliza.

"Wakinywa sana wanakuwa wazito kubeba baadaye," kaka akajibu. "Ndiyo amri. Chora haraka twende."

Nikaanza kuchora. Mimi nimejifunzia ufundi kwenye vibao vya vinyozi, ambako mteja akiletewa sura isiyo yake halipi, kwa hiyo mkono wangu hauwezi kumchora mtu wa jumla wala punda wa jumla. Namchora huyu, kisha huyu, kisha yule. Niliyemchora wa nne alikuwa ameegemea nguzo, sikio la kushoto limechanika katikati, na juu ya pua ana alama nyeupe iliyopinda. Nilimaliza sikio, nikafika puani, mkono ukasimama.

"Kaka. Huyu ni Waziri."

"Ni punda."

"Ni Waziri wa Mama Maji. Watoto wako wamempanda huyu."

Mama Maji alikuwa jirani yetu, muuza maji wa mtaa mzima. Punda wake alipewa jina la Waziri kwa sababu hakuwahi kuharakisha hata siku moja na kila mtu alimpisha njia. Alipoibwa uani, Mama Maji alikwenda kituoni, akaulizwa kama punda wake ana kitambulisho cha taifa, na askari wote wakacheka. Alikwenda kiwandani na wenzake walioibiwa. Walinzi wakawaambia wamtaje mtu aliyewaona punda wao humo ndani kwa macho yake, kisha wakawatimua kwa virungu. Tangu hapo mama wa watu alikuwa akibeba madumu kwa mgongo wake. Na wakati kaka hana hata tone la maji nyumbani, huyo huyo mama alikuwa akimwachia dumu mlangoni na kwenda zake bila neno.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

Kaka alitazama huku na huku. "Wanakuja na lori gizani. Naambiwa fungua, nafungua. Naambiwa funga, nafunga."

"Ulikuwa unajua, na asubuhi unamwamkia."

"Wewe unataka nifanye nini?" Alisema kwa sauti ya chini. "Likizuka jambo, unadhani watamfunga Mkurugenzi? Nani mwenye ufunguo? Nani anayeonekana langoni? Mimi. Nitakwenda jela mimi, na wanangu watalala nje. Chora punda wako tuondoke."

Nilikuwa na hasira ya kutaka kumpiga kofi kaka yangu mkubwa, jambo ambalo sijawahi kulifikiria hata tulipokuwa watoto. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Nikainamisha kichwa nikachora. Nilichora mpaka karatasi zikaisha, kila mmoja na kovu lake, na doa lake, na chapa yake ya moto pajani. Siku ile bado nilijidanganya kwamba nachora tu.

Nilipoanza ukuta ndipo nilipojua ninachofanya. Nilipiga mistari ya chaki, nikagawa miraba, nikapaka anga, nikapaka majani mabichi yasiyopatikana popote karibu na pale. Kisha nikamweka punda wa kwanza, mkubwa kuliko alivyo, mnene kama alivyoagizwa, manyoya yanang'aa. Na begani nikamwekea kovu lake la nira, mahali pake, umbo lake. Tumbo nililijaza kwa amri ya Mkurugenzi. Kovu halikuwa kwenye amri.

Ningeweza kwenda kumnong'oneza Mama Maji. Niliwaza hilo. Lakini angekuja langoni akataja punda aliye ndani, na wote wangejua ni nani pekee aliyeweza kutoa habari za ndani, na usiku huo huo punda wangehamishwa. Ukuta ulikuwa tofauti. Ukuta aliuagiza Mkurugenzi, aliununulia rangi, na angeukagua kwa macho yake. Kama ungesema kitu, ungekisema kwa ruhusa yake.

Alikuja siku iliyofuata na mwavuli, akasimama mbele ya punda wangu wa tatu. Nilikuwa juu ya ngazi. Nikashika mbao.

"Hii nini hapa?" Alikuwa amegusa chapa ya paja, herufi mbili zilizoingiliana.

"Alama, bosi."

"Alama ya nini?"

"Punda asiye na alama anaonekana wa plastiki. Wageni watadhani tangazo la pipi."

Akafikiri. Nilisikia kila gari lililopita. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande kama wafanyavyo watu wanaotaka ionekane wanaelewa picha.

"Sawa. Lakini huyu mrefushie masikio. Punda ni masikio."

"Sawa, bosi."

Akaenda zake. Mtu yule alikuwa amekula na kujenga kwa ngozi za punda, na hakuwahi kumtazama punda mmoja zaidi ya kumhesabu. Nilicheka peke yangu juu ya ngazi, kicheko kibaya cha mtu aliyetoka kuponea chupuchupu, halafu nikagundua kwamba brashi imenidondoka.

Masikio sikuyarefusha.

Wa kwanza kusimama barabarani alikuwa mbeba mkaa. Zamani alikuwa na mkokoteni na punda. Sasa alikuwa na mkokoteni tu, na kamba ya kuvutia ilipita kifuani kwake mwenyewe. Alikuwa akipanda mlima huku ameinama, akainua kichwa kupumua, akamwona punda wangu wa pili. Aliuacha mkokoteni ukaanza kurudi nyuma, ikabidi aukimbilie.

Aliweka jiwe chini ya gurudumu, akasogea. Mlinzi wa lango alikuwa mbali kidogo, anachezea simu.

"Fundi," akasema taratibu. "Huyu umempata wapi?"

"Unamfahamu?"

"Huyu Komando. Hilo kovu alilipata kwenye daraja. Nilimshona mimi kwa uzi wa magunia." Alikuwa ameweka kiganja ukutani, juu ya rangi mbichi, na hakujali. "Yuko hai?"

Niliendelea kupaka majani ili mlinzi asione mdomo wangu. "Yuko hai mpaka Ijumaa. Usipige kelele. Ukipiga kelele leo, usiku watahamishwa. Waambie wenzako wapite hapa, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda zao. Ijumaa wageni wakiwepo, na waandishi, na afisa mifugo, njooni wote."

Aliuondoa mkono. Kiganja kilikuwa cha kahawia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu, na mimi nikageuka kwa sababu yangu yalikuwa karibu. Alirudi kwenye kamba yake, akavuta.

Basi wakaanza kupita. Muuza matofali. Dada wawili wa kuni. Mama Maji alipita na dumu mgongoni, akamwona Waziri, hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akapita akimtazama mpaka shingo ikagoma kugeuka zaidi. Alikuja mzee mmoja mwenye koti refu, akatembea kutoka mwanzo wa ukuta hadi nilipofikia, akarudi, akatembea tena. Kesho yake alikuja tena, akitazama wale niliowaongeza.

Kaka alikuwa hajatoka upande ule wa nje. Kazi yake ilikuwa ndani. Alipotoka, nilikuwa namalizia kwato za Waziri. Alisimama nyuma yangu, nami nikamjua kwa kikohozi. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Punda wale wote walipita mikononi mwake.

Alinisubiri nyumbani kwake, na nilipoingia wifi alichukua watoto akawapeleka nje.

"Umeniua," akasema. Hakupaza sauti. "Nilikupa mkono ukaukata."

"Kaka, sikukutaja."

"Mimi nitajwe na nani? Kila punda kwenye ukuta ule ananitaja! Mimi ndiye niliyewafungulia."

"Mama Maji anabeba maji kwa mgongo."

"Na mke wangu atabeba nini?" Aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Wewe una uchungu na kila kitu. Wajawazito, wabeba mkaa, sasa punda. Uchungu wako unalipiwa na nani? Diwani alikulaza ndani siku moja ukatoka shujaa. Mimi nikiingia, nani ananitoa?"

Niliutazama ufunguo wa lango ulioning'inia shingoni mwake.

"Nenda kamwambie Mkurugenzi," nikasema. "Chokaa ipo stoo. Ukuta mzima utafutika kabla ya jua kuchwa. Sitakulaumu."

Hiyo ya mwisho ilikuwa uongo. Ningemlaumu mpaka kaburini, na alijua. Akanyoosha mkono kuelekea mlango.

"Toka kwangu."

Siku zilizobaki niliishi roho mkononi. Kila asubuhi nilipokaribia kona ya barabara nilitarajia kuona weupe, nilikuwa nanusa chokaa hata pasipokuwa na chokaa. Kila asubuhi punda walikuwepo. Kaka alipita langoni bila kunisalimu. Sikujua kama amenyamaza kwa ajili yangu, au anatafuta ujasiri wa kwenda ofisini.

Alhamisi jioni Mkurugenzi alikuja kufanya ukaguzi wa mwisho, na alimleta kaka. Walitembea kando ya ukuta, Mkurugenzi mbele na kaka hatua moja nyuma. Mimi nilikuwa nasafisha brashi kwenye kopo. Kando ya barabara mbeba mkaa alikuwa ameinama anajifanya anakaza gurudumu.

Mkurugenzi alisimama mbele ya Waziri. "Sijui kwa nini," akasema, "hawa punda wananiangalia kama wadai."

"Ni macho, bosi," nikasema. "Nikiyafumba wataonekana wamekufa."

Akaguna. Kisha akamgeukia kaka. "Wewe ndiye unayeshinda nao. Unaonaje? Wanafanana?"

Niliacha kusugua brashi. Maji ya kopo yalikuwa yamegeuka rangi ya matope, nikayakodolea macho kana kwamba kuna kitu nilikidondosha humo. Kaka alimtazama Waziri, akamtazama Komando, akautazama ukuta wote hadi mwisho.

"Wanafanana na punda, bosi."

Mkurugenzi akacheka kwa nguvu, akampiga begani. "Huyu dada yako hana mkono mbaya." Wakaenda. Kaka hakugeuka nyuma. Nilikaa juu ya kopo tupu la rangi.

Ijumaa walifunga mapambo ya karatasi langoni na kuweka viti chini ya hema. Wageni walifika kwa magari yenye vioo vyeusi. Afisa mifugo alikuwa kijana mwembamba, suti imemzidi. Mkuu wa kituo naye alikuwepo na askari wake, wameletwa kulinda shughuli. Mkurugenzi aliwapitisha wageni mbele ya ukuta kwanza, maana ndio aliouandaa, na wanunuzi wakapiga picha na kusifu rangi.

Ndipo wenye punda wakaja. Hawakuja kwa kelele. Walivuka barabara wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, na kila mmoja akaenda kusimama mbele ya punda wake, mgongo ukutani, uso kwa wageni. Mbeba mkaa kwa Komando. Muuza matofali kwa yule wa herufi mbili. Mama Maji chini ya pua ya Waziri. Mnunuzi mmoja alidhani ni sehemu ya sherehe, akapiga makofi kidogo, halafu akaacha.

"Hii nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Huyu ni wangu," Mama Maji akasema. "Aliibwa kwangu. Yuko ndani."

"Na huyu wangu." "Na huyu." Sauti zilikwenda mpaka mwisho wa ukuta. Waandishi walikuwa wameshaacha viti vyao.

Mkurugenzi alitabasamu, tabasamu la kuzimia moto. "Waheshimiwa, hii ni picha. Mchoro. Fundi yuko hapa, atawaambia mwenyewe." Alinifuata, akanishika bega kama baba, akaninong'oneza sikioni: "Sema umewatoa kichwani. Kaka yako nyumba yake naijua, na makosa yake nayajua. Sema."

Kaka alikuwa langoni na ufunguo shingoni. Alikuwa ananitazama. Usoni mwake sikuona hasira, niliona mtu aliyechoka kusubiri. Nilimpenda kaka yangu wakati ule kuliko wakati mwingine wowote, na nikajua nitakachofanya, na moyo ukaniuma kama jino.

"Sina kichwa cha kutunga hivyo," nikasema kwa sauti. "Nimewaona. Wako ndani ya zizi, isipokuwa si wanene."

Minong'ono ikazuka. Mkurugenzi akapaza sauti kuishinda: mchoraji huyu ana rekodi kituoni, kila mtu anamjua, muulizeni diwani. Mkuu wa kituo akaanza kusogea kwangu. Afisa mifugo akasema kwa woga kwamba bila uthibitisho hakuna jambo la kufanyika, na nadhani aliamini.

Mama Maji aligeukia ukuta, akaweka viganja viwili mdomoni, akaita kwa ile sauti ya kupanda ambayo mtaa wetu ulikuwa ukiamshwa nayo kila alfajiri.

"Waziriii! Waziri wee! Twende kazini!"

Nyuma ya ukuta punda akalia. Kilio kikavu, kilichokatika katikati kwa kukosa mate, kikaanza tena. Mama Maji aliita, akajibiwa. Mbeba mkaa akaita jina la Komando, na wengine wote wakaanza kuita, majina ya heshima na majina ya matusi, na ndani kukazuka kelele ambayo hotuba yoyote isingeiweza. Mnunuzi mmoja alirudi kwenye gari lake.

"Usifungue!" Mkurugenzi alimpigia kaka kelele. Hakuna aliyekuwa amesema afungue.

Kaka aliutoa ufunguo shingoni. Mikono yake ilimsumbua, vidole havikukunjika vizuri, akakosa tundu mara ya kwanza. Nilitaka kukimbia kumsaidia. Nilitaka pia kumwambia aache, avute kofia usoni aende nyumbani kwa wanawe. Sikufanya lolote. Lango likafunguka.

Walitoka polepole, mbavu nje, wakipepesa macho. Wakapita mbele ya picha zao wenyewe zilizonona, na waandishi wakawapiga picha wote, wa ukutani na wa chini. Hapakuwa tena na haja ya kueleza. Waziri alimfikia Mama Maji akaweka uso begani kwake, na yule mama akamtukana matusi ya mapenzi huku akilia.

"Nani aliwapokea wanyama hawa?" mkuu wa kituo akauliza. Aliuliza kwa ukali wa mtu aliyeona kamera.

Mkurugenzi hakuchelewa hata kidogo. Kidole chake kilikuwa kimeshanyooka. "Huyo. Msimamizi wa zizi. Mimi naletewa taarifa tu. Amekuwa akishirikiana na wezi chini ya pua yangu."

Askari wawili wakamshika kaka. Wifi, aliyekuwa nyuma ya hema na watoto, alitoa sauti moja tu. Nikajipenyeza mpaka karibu, nikimwita kaka, na sikujua ninamwitia nini.

"Ni kweli," kaka akasema. "Niliwapokea mimi." Akawavuta askari, nao sijui kwa nini wakamfuata, mpaka kwenye mwanzo wa ukuta. Akamnyooshea kidole punda wa kwanza. "Huyu alikuja kwa lori, mvua ikinyesha. Mkurugenzi alishika tochi mwenyewe, akasema nimfunge nyuma asionekane kutoka barabarani." Akasogea. "Huyu aliletwa na dereva wa Mkurugenzi. Miguu ilikuwa imefungwa kwa waya, nikaikata. Huyu Waziri nilimpokea nikijua ni wa nani. Nilimjua kabla hajashuka. Nisamehe, mama."

Mkurugenzi alipiga kelele kwamba ni uongo. Waandishi walikuwa wameinua simu zao na hakuna aliyemtazama. Kaka alikwenda punda baada ya punda, na kila mmoja alimtaja alivyokuja, na nani alikuwepo, na nani alitoa amri. Sauti yake ilikuwa inakauka. Alifika mwisho, mahali ambapo nilikuwa nimeacha majani matupu kwa sababu punda wa kuchora walikuwa wameniishia.

Pale alikuwa amesimama yule mzee wa koti refu. Hakuwa na punda wa kusimama mbele yake.

"Mimi wangu simwoni," mzee akasema. "Nimepita hapa kila siku. Ni jike, mwekundu kidogo, anachechemea mguu wa nyuma."

Kaka aliyatazama majani. "Alikuwa na mimba," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuja kabla mtambo haujaharibika." Kaka alikuwa analia sasa, kamasi na yote, mbele za wanawe. "Alikataa kupita lango dogo la kuingilia machinjioni, mzee. Nikamsukuma mimi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akavua koti lake, akalikunja, akabaki nalo mikononi. Askari alimvuta kaka mkono, akamwambia yatosha, aingie garini.

"Subiri," kaka akasema. "Kuna wengine ambao hawakuchorwa. Sijamaliza."